Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Bwana afya wetu alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo kumi na mawili. Kati ya fundo na fundo ilikuwa futi moja, na mwishoni alikuwa amefunga jiwe la ukubwa wa ngumi. Alipopita kijijini aliitundika begani, na watu waliitazama kamba kwanza, kisha wakamtazama yeye. Kazi yake ilikuwa kupima vyoo. Alifika uani, akasalimia kwa adabu, akauliza habari za watoto na za shamba, halafu akaomba radhi na kuteremsha jiwe ndani ya tundu, akihesabu mafundo yanavyomezwa na giza. Yakimezwa yote kumi na mawili, umepona. Yakibaki hata mawili, anatoa daftari.

Nilikutana naye mwaka niliomaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani, mwambao wa Ziwa Nyasa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuuza mitumba, ruksa mtu binafsi kupanda Mbinga na gari lake akanunue kahawa. Hata ajira ilikuwa ruksa, kwa maana kwamba serikali iliyokuwa ikiwapangia wahitimu kazi sasa ilituruhusu tujitafutie wenyewe. Mimi nilikuwa nimejitafutia benchi kwenye hoteli ya shangazi yangu. Nilikaa hapo miezi mitano nikinywa chai yake na kuhoji kila kitu: kwa nini mwenyekiti wa kijiji peke yake aketi kiti chenye mgongo, kwa nini mahubiri yawe marefu kuliko sala, kwa nini ugali wa muhogo usikandwe kwa mkono wa kushoto. Shangazi alinijibu swali moja kwa siku. Mengine aliyafagia pamoja na miba ya samaki.

Hoteli yenyewe ilikuwa banda la matete lenye meza tatu, pale malori ya wanunuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, kutoka Mbinga yalipokuwa yakiegesha. Lakini ukitaka kuielewa, ujue kwamba mumewe alipofariki huko Tingi, mlimani, shangazi alirudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, akalala chumba cha nyuma kwa miaka sita. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusema "kwangu". Alisema "kwa kaka", "jikoni kwa wifi", "kitanda cha pale". Siku alipoweka ile meza ya kwanza chini ya matete, alimwambia dereva mmoja, "Karibu kwangu." Nilikuwapo. Alilisema neno hilo taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Baadaye akahamia nyuma ya banda, yeye na binti yake.

Basi siku bwana afya alipokuja na kamba yake, kilichokuwa mashakani hakikuwa choo.

"Mama, hoteli isiyo na choo siwezi kuiacha," alisema, akiwa amemaliza chai na maandazi mawili. "Siku saba. Futi kumi na mbili, ndani ya eneo la hoteli. Zisipotimia, nafunga."

"Baba, hapa ni mchanga," shangazi alisema. "Futi tano tu nakutana na ziwa."

"Amri haikutaja mchanga."

"Aliyeiandika amewahi kushuka huku?"

Bwana afya alikunja kamba. "Chai yako nzuri sana, mama," alisema, akamtupia macho binti wa shangazi aliyekuwa akiosha vikombe, akaondoka kwenda Lipingo kupima wengine.

Mzee jirani, aliyekuwa akila samaki meza ya pili, alicheka mpaka akakohoa. Nyumba yake ilikuwa mpakani na banda la shangazi, na kwa kuwa alikuwa rika la babu yangu, nilimwita babu.

"Hawa Wamatengo!" alisema. "Mmatengo akizaliwa, anapewa jembe na shimo. Kwao hata mahindi hayaoti mpaka yachimbiwe shimo."

Alikuwa akizitania ngoro, yale mashimo ambayo watu wa mlimani huchimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo, shamba zima likaonekana kama sega la nyuki. Ni kilimo cha akili nyingi, na babu alilijua hilo. Lakini ukikaa ziwani ni lazima umtanie mtu wa mlimani, na yeye atakwambia huwezi kulima hata kitanda chako.

"Lakini babu, wewe ulipimwa ukapita," nilimwambia. "Kwako kuna futi kumi na mbili?"

"Futi tano na nusu," alisema bila aibu. "Chini kuna tope. Jiwe la bwana afya lilifika kwenye tope likaendelea na safari. Aliposoma kumi na mbili nikamwambia ahsante."

Hapo moyo wangu uliruka. Chuoni nilikuwa nimejisomea sana habari za uhuru wa mtu na mipaka ya dola, na kwa miezi mitano nilikuwa nikitafuta mfano. Sasa mfano ulikuwa umekaa mbele yangu ukitoa miba mdomoni. Nilisimama. Nilieleza kwamba serikali inayokaa mbali haiwezi kujua yanayojulikana na mtu anayeishi juu ya mchanga. Nilieleza kwamba amri moja kwa nchi nzima ni kama shati moja kwa ukoo mzima. Nilisema zahanati yetu sasa inatutaka tuchangie matibabu, dawa zenyewe zinakuja zikijisikia, lakini kamba ya kupimia haijawahi kukosekana hata siku moja. Nilimaliza kwa kusema kwamba hoteli chafu itakimbiwa na wateja wenyewe, na kwamba serikali haina kazi chooni kwa mtu.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza.

"Bado kidogo."

"Mteja akiharisha akiwa ameshafika Mbinga, atajuaje kama ni samaki wangu, au ni maji aliyokunywa njiani, au ni mikono yake mwenyewe? Atanikimbiaje mimi?"

Nilifikiri. "Ataambiana na wenzake."

"Na mimi ambaye sina kosa, nikitajwa?"

Swali hilo halikuwamo katika vitabu vyangu, au lilikuwamo kwenye kurasa nilizoruka. Nilimwahidi kwamba nitaandika waraka. Niliuandika kweli, kurasa nne, zenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akausoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, akasema mwandiko wangu umekuwa mzuri. Kisha akanipa koleo.

Tulichimba siku mbili. Kila tulipofika futi tano, ukuta wa mchanga ulijilaza chini kama ng'ombe aliyechoka. Mara ya tatu uliangukia miguu yangu, nikabaki nimesimama ndani ya maji hadi magotini, na shangazi akiwa juu akishikilia kiuno kwa kucheka.

"Msomi, ndani ya shimo unaionaje serikali?"

"Ndiyo ninayoisema, shangazi! Aliyetoa amri angekuwa humu!"

"Aliyetoa amri hayumo. Upo wewe. Toka."

Alikaa ukingoni akafikiri. Kicheko kilimwisha polepole, nikaona anatazama banda lake, meza moja moja. Zilikuwa zimebaki siku nne. Halafu alichukua jembe, hakunieleza kitu, akapanda kwenye shamba lake la muhogo, mwinuko ulio nyuma ya kijiji, mwendo wa kumaliza embe moja ukila bila haraka. Kule udongo ni mwekundu, unashika. Alikuwa ameolewa Tingi na kulima huko miaka kumi na mitano, kwa hiyo yeye na udongo mwekundu walijuana. Nilipomfuata alikuwa ameshazama mpaka kiunoni.

"Lakini amri inasema ndani ya eneo la hoteli," nilimwambia.

"Wewe si ndiye usiyeitaka amri?"

Siku ya tano kukatokea jambo ambalo mpaka leo sina uhakika nalo. Wazee watatu walishuka na lori kutoka mlimani, wamevaa makoti, wakafikia kwa baba yangu. Walikuwa wajumbe wa bwana afya. Ilibainika kwamba alikuwa ameleta barua ya posa kwa binti wa shangazi mwezi wa pili, na kwa miezi yote hiyo shangazi alikuwa hajajibu. Alisema anatafakari. Yeye Mwanglikana, kijana Mkatoliki, mlima kule, ziwa huku, mtoto mwenyewe ndiye msaada wake pekee. Sasa, siku mbili kabla ya hoteli kufungwa, alimaliza kutafakari. Binti aliulizwa, akainama akatabasamu, akasema anakubali, na nikagundua kwamba mimi mhoji wa kila kitu sikuwa nimewahi kuhoji kwa nini bwana afya anakunywa chai tatu kwa ziara moja.

"Shangazi," nilimwambia baada ya wageni kuondoka, "umekubali ili asifunge hoteli?"

Alinikazia macho mpaka nikatamani kurudi shimoni. "Binti yangu si kufuli," alisema. "Anampenda, nami nimechoka kumwona akivunja vikombe kila siku ya ukaguzi. Na yule kijana ni mwaminifu. Atafunga tu, hata nikiwa mkwe wake. Ndiyo maana nachimba."

Alikuwa sahihi kwamba bwana afya angefunga. Alichosahau, au labda hakusahau, ni jambo jingine.

Siku ya saba bwana afya alifika asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi na kamba begani. Alifika mpaka kwenye mti wa mpera ulio mbele ya banda, akasimama. Shangazi alikuwa mlangoni. Bwana afya alitazama chini, akachuchumaa kidogo kwa heshima, kisha akageukia upande wa ziwa kama mtu anayesubiri mashua.

"Shemeji," aliniita. Juzi tu nilikuwa "msomi". "Mwambie mama nimemsalimu sana."

Shangazi alikuwa hatua nane kutoka kwake.

"Shangazi, unasalimiwa," nilisema.

"Mwambie baba nimepokea. Choo kipo tayari, kule kwenye muhogo. Aende akakague."

Bwana afya alisikia kila neno. Masikio yake yalibadilika rangi. Kwao mlimani na kwetu ziwani, jambo hili halina mjadala: mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe wake, hapiti alipokaa, na kuhusu choo anachotumia, hata njia ya kuelekea huko anaikwepa. Kusimama juu ya tundu la mama mkwe na kuteremsha jiwe huku ukihesabu kwa sauti ni jambo ambalo ukoo mzima ungelisimulia mpaka wajukuu wazeeke. Serikali yote, na mihuri yake, ilikuwa imesimama chini ya mpera ikiangalia ziwa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "hili sitaliweza."

"Tuma mwenzako."

"Mwenzangu yupo mlimani, na leo ndiyo siku ya saba. Fomu isipojazwa leo, hoteli inahesabiwa imefungwa." Alivua kamba begani. "Wewe umesoma. Nenda ukapime. Andika unachokiona, mimi nitasaini."

Nikaipokea. Naomba nisieleweke vibaya: niliipokea kwa ajili ya shangazi. Lakini ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ilikaa begani vizuri.

Choo cha shangazi kilikuwa na ukuta wa matete, kifuniko cha ubao chenye mpini, na kata ya maji pembeni. Niliteremsha jiwe. Fundo la tisa lilipofika kwenye ubao, jiwe liligonga mwamba, ko, sauti kavu kabisa. Nikavuta, nikateremsha tena. Tisa.

Nilikaa chini ya muhogo na fomu gotini. Palikuwa na mstari mmoja wa kujaza kina na mwingine wa kujaza umbali. Ningeandika kumi na mbili, nani angejua? Bwana afya asingekuja kuangalia hata kwa bunduki. Babu alikuwa na kumi na mbili za tope na hakuna mbingu iliyoanguka. Na kule chini lilikuwapo banda la meza tatu ambalo mtu mmoja aliliita kwangu.

Shangazi alikuwa amenifuata. Alisimama mbali kidogo, akifuta mikono kwenye khanga.

"Ngapi?"

"Tisa, shangazi. Chini ni mwamba. Naandika kumi na mbili."

"Nimechimba mimi, au umechimba wewe?"

"Wewe."

"Basi usinichimbie tatu nyingine kwa kalamu. Tisa zangu ni kavu. Andika tisa."

"Watakufungia!"

"Wakinifungia kwa choo kizuri, nitajua kosa ni lao. Nikipita kwa uongo, nitakuwa nasubiri kila mwenye kamba maisha yangu yote. Miaka sita nimeishi kwa watu nikisikiliza hatua mlangoni. Sitaki tena."

Niliandika tisa. Chini yake nilieleza kwamba ni kavu, kwamba ni mwamba, kwamba kipo nje ya eneo la hoteli kwa sababu ndani ya eneo choo cha kina hicho kingefika kwenye maji yanayolisha kisima. Waraka wangu wa kurasa nne uliingia wote kwenye mistari mitatu, na kusema kweli ulipendeza zaidi.

Bwana afya aliisoma fomu chini ya mpera. Alisoma muda mrefu. Shangazi alikuwa amerudi mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na binti yake nyuma yake hakuwa akiosha chochote.

"Tisa," alisema bwana afya.

"Tisa," nilisema.

"Kavu kweli?"

"Jiwe limerudi na vumbi."

Alitoa kalamu. "Kumi na mbili ni ya mlimani," alisema. "Nililijua hilo wiki ya kwanza niliposhuka huku."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mimi nimepewa kamba, shemeji, sijapewa kalamu ya kuandika amri." Alifikiri kidogo. "Lakini na wewe acha kuwaambia watu choo si kazi ya serikali. Jirani akijisaidia vibaya, shangazi yako ndiye anayekunywa. Hapo uhuru ni wa nani?" Kisha akaandika chini ya maelezo yangu, "Sikuweza kukiona kwa sababu za kifamilia, nakubaliana na aliyekiona." Akasaini. "Mwambie mama hoteli iendelee. Mwambie pia kwamba chai..." Akakumbuka kuwa chai ile hataweza kuinywa tena mbele yake, akaanza kuikunja fomu kwa huzuni ya kweli.

"Mwambie nitamtumia kwenye chupa," shangazi alisema.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mzuri. Lakini kamba ilikuwa bado begani kwangu, na maneno ya bwana afya kuhusu jirani yalikuwa yananichonyota. Nilipita kwa babu. Nikamsalimia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, nikauliza habari za watoto na za shamba, nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya nyumba yake. Sikuhitaji kuteremsha jiwe ili nijue, lakini niliteremsha. Fundo la tano lilipopita tu, kamba ililegea mkononi, jiwe likaanza ile safari yake ya topeni. Nilinyanyua macho. Kisima ambacho shangazi alichota maji ya chai kilikuwa hatua kumi na nne kutoka pale. Nilizipima, kwa sababu sasa nilikuwa mtu wa kupima.

"Babu," nilisema, na sauti iliyonitoka ilikuwa na shati lililopigwa pasi, "choo hiki hakifai. Nakupa siku saba."

Babu alinitazama kuanzia viatu mpaka kamba.

"Unanipa nini?"

"Siku saba."

"Wewe? Uliyesimama mbele ya samaki wangu ukasema serikali haina kazi chooni kwa mtu?"

"Hiki kinavuja kwenye kisima, babu. Hili ni jambo jingine."

"Kila mwenye kamba husema ni jambo jingine. Na nisipofukia?"

Nilifungua mdomo. Niligundua kwamba jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari, limejipanga, lenye ukali mdogo wa kupendeza, na lilianza na neno "vinginevyo". Miezi mitano nimekaa kwenye benchi nikiwaonya watu juu ya madaraka, na madaraka yalinichukua nusu saa, tena ya kuazimwa.

Shangazi alitokea upande wa kisima na ndoo. Alikuwa amesikia yote, maana midomo ilikuwa imebana kicheko.

"Shikamoo baba," alimwambia babu. "Huyu msamehe, jua limempiga. Lakini maji ya chai yako nayachota hapo, na wewe ndiye unayeyanywa vikombe vitatu. Mimi leo nahamia kuchota kisima cha kanisani. Ni mbali, kwa hiyo chai itachelewa."

"Itachelewa kiasi gani?"

"Kiasi cha kwenda na kurudi. Lakini kule kwenye muhogo nafasi ipo, udongo ni laini wiki hii, na koleo ninalo. Ukifukia hiki, kisima kikapumzika mpaka masika yapite, nitarudi kuchota hapa."

Babu alimwangalia, akaangalia kisima, akanuna kidogo kwa ajili ya heshima yake. "Mimi sichimbi kwa sababu ya kamba," alisema.

"Nani kataja kamba?"

Kesho yake alipanda kwenye muhogo na koleo la shangazi, akilalamika njia nzima juu ya Wamatengo, na mimi nyuma yake nikibeba jembe. Mpaka leo nasimulia kisa hiki kila ninapotaka kuthibitisha kwamba watu wakiachwa wazungumze wenyewe hupata njia bora kuliko amri. Naamini hivyo kweli. Ninachoruka mara nyingi ni yale yaliyotokea siku ile ile ya saba, tulipokuwa tukitoka kwa babu kwenda kisima cha kanisani, shangazi akiwa na ndoo tupu mkononi, nami nikitazama kwa makini ua wa kila nyumba tuliyopita, hasa upande wa nyuma.

"Unatafuta nini?" aliniuliza.

"Hapana, naangalia tu."

Alisimama, akaweka ndoo chini, akanivua kamba begani, akaikunja mara tatu na kunirudishia mkononi.

"Kampe mwenyewe kabla hajapanda lori," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla hujaizoea."